Kufufua na kuboresha Hilux ya zamani nyumbani: kipi kianze na kipi kisubiri (LN106, injini ya 3L)

Mleta uzi (Iringa)

Wakuu, uzi huu ni kwa ajili ya wenye Hilux za kizazi cha tano, kile kilichoanza mwaka 1988, na hasa LN106 ya dabo kabini yenye injini ya dizeli ya 3L. Pikapu hizi bado ni nyingi huku nyanda za juu; nyingine zilitoka kwenye miradi na mashirika ya dini, zikauzwa kwa mnada, zikapita mikononi mwa wakulima na wafanyabiashara wa mbao, na sasa zimesimama uani zikisubiri mtu mwenye subira na seti ya spana. Ninayo moja ya namna hiyo, na kazi karibu yote naifanya nyumbani, isipokuwa zile zinazohitaji mashine ya kuchonga au benchi la kupimia pampu ya dizeli.

Maoni yangu, ambayo najua si wote watakaoyakubali, ni kwamba mtu akitaka kuboresha gari la umri huu asianze na nguvu. Aanze na joto, kisha breki, kisha umeme, na vitu vya kuongeza mwendo au urefu vije mwisho, kama bado atavihitaji. 3L ni injini ya sentimita za ujazo 2,779 isiyo na turbo (kile kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini), na hata ilipokuwa mpya ilitoa takribani nguvu farasi 90. Wengi wanaolalamika kwamba gari halina nguvu hawajawahi kuiona ikiwa na nguvu zake zote 90, kwa sababu nozeli zimechoka, taimingi ya pampu imesogea, breki za nyuma zinashika, na chujio la hewa limejaa vumbi la msimu mzima.

Nianze na joto, kwani ndilo linaloua injini hizi. Anayepandisha mlima wa Kitonga na mzigo anajua kwamba sindano ya joto ikianza kupanda pale kwenye kona za katikati, hakuna pa kukimbilia. Ugonjwa unaojulikana wa jamii hii ya injini ni hedi (kichwa kinachofunika silinda kwa juu) kupasuka, hasa kati ya vali, na karibu kila mara chanzo chake ni gari kuchemsha mara moja tu bila dereva kusimama kwa wakati. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu kingine, shughulikia rejeta, mipira yake, pampu ya maji, thermostati, klachi ya feni, na kile kitu ambacho watu hukidharau kwa sababu ni cha bei ndogo, yaani kifuniko cha rejeta.

Kifuniko kile si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Kinatunza shinikizo la takribani bar 0.9, na shinikizo hilo ndilo linalopandisha kiwango cha maji kuchemka. Mji wa Iringa uko takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi hapa huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100. Kifuniko kikiwa kizima, mfumo unaweza kufika takribani nyuzi 115 kabla maji hayajachemka. Mpira wa kifuniko ukiwa umekauka, umerudi kwenye 95, na injini inayofanya kazi ya kawaida kwenye nyuzi 85 au 90 haina tena nafasi ya kupumua. Mtu anabadilisha rejeta nzima, gari linaendelea kuchemsha, kumbe tatizo lilikuwa kwenye kifuniko.

Thermostati nayo isitolewe. Najua mafundi wengi huitoa na kuitupa kama dawa ya joto, lakini injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta, inachafua nozeli na kuchakaza silinda. Iweke mpya, jaza maji yaliyochanganywa na kizuia kutu, na uachane na maji ya bomba matupu, ambayo baada ya miaka michache hugeuza njia za ndani ya bloku kuwa matope mekundu.

Kuhusu hedi, vipimo vya awali mtu anaweza kuvifanya mwenyewe. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, na utazame kama kuna mapovu yanayopanda bila kukoma. Kisha zima, funga kifuniko, washa tena, na ukamate mpira wa juu: ukiwa mgumu ndani ya muda mfupi, kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, na hapo ni gasketi au ufa. Kipimo cha mgandamizo kinachofungwa kwenye tundu la plagi ya moto (ile inayopasha silinda joto wakati wa kuwasha) kitakupa jibu la pili. Kwa 3L, silinda iliyoshuka chini ya takribani bar 20 imekwisha, na tofauti kati ya silinda na silinda haifai kuzidi bar 5. Mimi huipa tofauti uzito kuliko namba yenyewe, kwa maana injini iliyochoka kwa usawa inaweza kuendelea kutumika, lakini yenye silinda moja iliyoanguka ina jambo la kufunguliwa.

Ikibidi hedi ishuke, gasketi isinunuliwe kwa kukisia. Injini hizi zina gasketi za unene tofauti, na unene huchaguliwa baada ya kupima jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Muuzaji wa Kariakoo atakupa aliyonayo kabatini.

---

Mchangiaji (Morogoro)

Ahsante kwa uzi mkuu. Nakubaliana na mpangilio wako isipokuwa kwa jambo moja: unaisema nguvu kana kwamba ni anasa. Kwenye mita 1,600 hewa ina uzito wa takribani asilimia 85 ya ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na turbo inayopumua yenyewe imeshapoteza sehemu hiyo ya nguvu kabla hujapakia gunia la kwanza. Turbo ndogo ya mtumba, bomba lake na kazi ya kuchomelea havifikii bei ya injini nyingine. Kwa nini usiweke turbo ukamaliza ubishi?

---

Mleta uzi

Hesabu ya hewa uliyoitoa ni sahihi, na ndiyo sababu turbo inavutia zaidi huku juu kuliko pwani. Tatizo liko kwenye injini yenyewe. 3L haikutoka kiwandani na turbo. Iliyotoka nayo katika jamii hii ni 2L-T, na hata hiyo sifa yake kubwa ni kupasua hedi. 3L ina uwiano wa mgandamizo wa 22.2 kwa 1, ambao ni mkubwa, na pampu yake ya dizeli haina kile kifaa cha kuongeza mafuta kadiri shinikizo la turbo linavyopanda. Ukiweka turbo bila kugusa pampu, faida ni ndogo. Ukiifungua pampu ili mafuta yaongezeke, basi yanaongezeka wakati wote, hata pale ambapo turbo haijaanza kuvuta, unapata moshi mweusi chini na moto mkali juu, na moto huo unakwenda moja kwa moja kwenye hedi ambayo tumeshakubaliana kwamba ndiyo mahali dhaifu.

Anayeng'ang'ania aweke kwanza kipimo cha joto la moshi kabla ya turbo yenyewe, na wengi wanaofanya kazi hizi huchukulia nyuzi 700 kuwa mpaka wa kutouvuka kwenye mlima mrefu. Bila kipimo hicho dereva hawezi kujua, kwani sindano ya joto la maji huchelewa sana kusema.

---

Mchangiaji (Nairobi)

Hapa kwetu wengi hawahangaiki na turbo, wanaweka 5L. Ni ya sentimita za ujazo 2,986, ni ya ukoo uleule, giaboksi inakubali, na zinapatikana kwa sababu zilikuwa kwenye HiAce pia. Ukishuka Kirinyaga Road utaonyeshwa kadhaa zikiwa chini sakafuni. Swali langu ni kuhusu kuitoa kwenye HiAce na kuiingiza kwenye LN106: je, ni kufunga tu na kuondoka?

---

Mleta uzi

Hilo ndilo boresho la nguvu ninaloliunga mkono, kwa kuwa gari linabaki na akili yake ya kiwandani. Hata hivyo si kufunga na kuondoka. LN106 ina ekseli nzima mbele, inayopita chini ya injini, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya Hilux imefinyangwa ili kuikwepa. Ya HiAce haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo hamisha sampu, bomba la kufyonza oili lililo ndani yake, kijiti cha kupimia oili na mikono ya kushikia injini kutoka kwenye 3L yako, na kwa sababu hiyo usiuze injini ya zamani kabla mpya haijanguruma. Hakikisha pia ni 5L yenye pampu ya kawaida, si 5L-E, kwa kuwa hiyo ina mfumo wa umeme unaosimamia mafuta na utakuletea waya na kompyuta usizozihitaji.

Jambo jingine ni altaneta. Injini ya dizeli ya namna hii haina mvuto wa hewa wa kuendesha busta ya breki kama ilivyo ya petroli, hivyo Toyota waliweka pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta, ikilainishwa kwa oili ya injini. Mtu akibadilisha altaneta kwa ile isiyo na pampu, taa zitawaka vizuri, lakini breki zitakuwa ngumu kama ukuta. Na ukiona oili inachirizika kutoka nyuma ya altaneta, usiipuuze, kwani hiyo ni oili ya injini inayoondoka.

Kwa walio Tanzania, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Chukua risiti ya injini na nyaraka za ilikotoka, na mabadiliko yapelekwe TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, yakarekodiwe kabla hujakutana na mtu wa kukagua barabarani au mnunuzi makini.

---

Mzee fundi (Mbeya)

Vijana wangu, mmezungumza injini tangu asubuhi. Mimi nimefungua ekseli za mbele za gari hizi kwa miaka mingi, na gari nyingi zinazoletwa na malalamiko ya kuyumba stelingi hazina tatizo la stelingi. Tazameni ile mipira ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Ikiwa na mafuta mepesi yanayotiririka badala ya grisi nzito, oili sili ya ndani imekufa, oili ya difu imeingia, imechanganyika na grisi, na mchanganyiko huo unatoka nje ukichukua vumbi. Hapo beringi za kingipini, zile ambazo gurudumu hugeukia stelingi ikizungushwa, zinakaa bila grisi, zinajichimbia mashimo, na stelingi inapoteza katikati yake. Wengine hujaza grisi kwa juu na kumrudishia mwenye gari. Hiyo si kazi.

---

Mleta uzi

Shikamoo mzee wetu, na ahsante kwa kutukumbusha. Kazi hiyo mtu anaweza kuifanya nyumbani ikiwa ana nafasi safi, kwa sababu haihitaji mashine, inahitaji muda, matambara mengi na utaratibu wa kuweka kila upande peke yake ili visahani vya kurekebishia beringi visichanganyike. Nunua seti nzima ya sili na gasketi, toa kila kitu, osha, jaza grisi mpya, na upime ugumu wa kugeuka kabla ya kurudisha fimbo za stelingi.

Chanzo cha sili kufa mara nyingi ni kitundu cha kupumulia cha difu. Kikiziba kwa matope, hewa ya ndani ikipata joto haina pa kutokea, inasukuma oili kupitia sili. Mbele inachafua mipira, nyuma inaloanisha viatu vya breki. Kisha gari lenye difu la moto likiingia mtoni, hewa inapoa ghafla, inasinyaa na kuvuta maji ndani. Mpira mwembamba uliofungwa kwenye kitundu hicho na kupandishwa hadi juu kwenye chasisi, karibu na boneti, unamaliza matatizo yote mawili. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana, na kwa maoni yangu ni boresho lenye thamani kuliko taa za rangi na mabomba yote ya kulinda mbele ya gari.

Tukiwa nyuma, nizungumzie breki. Dramu za nyuma za Hilux zina vikono vya breki ya mkono ambavyo hukwama kwa kutu, na vikikwama urekebishaji haufanyi kazi, viatu vinakaa mbali na dramu, na pedali inashuka sana kabla ya kushika. Fungua, safisha, paka grisi inayovumilia joto, badilisha wili silinda zinazovuja, kisha ondoa oili yote ya breki ya zamani, kwa kuwa oili hiyo hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Tumia ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya masta silinda, na kamwe usiongezee oili ya injini au ya stelingi. Mipira yote ya mfumo itavimba na utalazimika kuibadilisha kuanzia juu hadi chini.

---

Mchangiaji (Songea)

Mkuu, mimi nimeinua yangu. Nimeongeza majani ya springi nyuma na mbele na kuweka tairi za inchi 31. Barabara zetu za msimu wa mvua hazikubali gari fupi. Tangu hapo breki za nyuma kama hazipo, ingawa viatu ni vipya. Nimebadilisha hata masta silinda.

---

Mleta uzi

Masta silinda haikuwa na kosa. Tazama juu ya ekseli ya nyuma, utaona fimbo inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali iliyofungwa kwenye chasisi. Vali hiyo inapima mzigo kwa umbali kati ya chasisi na ekseli: gari likipakiwa na kukaa chini, inaruhusu breki nyingi nyuma, gari likiwa tupu na limesimama juu, inazipunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Ulipoinua gari, vali inaamini kwamba gari ni tupu siku zote, hata ukiwa na tani ya mahindi. Suluhisho ni kuinua kishikio cha fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ulichoinua springi, au kurekebisha urefu wa fimbo, kisha kujaribu mahali pa wazi, kwanza tupu na halafu na mzigo. Kuna wanaoiondoa vali na kuunganisha bomba moja kwa moja. Gari tupu la namna hiyo kwenye lami yenye mvua hugeuka nyuma mbele, na sitamshauri mtu yeyote.

Kuhusu tairi, 205R16 ina kipenyo cha takribani milimita 735, na ya inchi 31 ina takribani 787. Hiyo ni ongezeko la karibu asilimia 7. Spidomita ikikuonyesha 80 uko kwenye 85 au zaidi, na kila gia imekuwa ndefu kwa kiasi hicho, maana yake ni kwamba zile nguvu farasi 90 tulizokuwa tunazitafuta umezitumia kuzungusha tairi. Kwa matope ya Songea nakuelewa. Kwa lami siuoni mantiki yake.

---

Mchangiaji (Zanzibar)

Na umeme? Taa za gari hizi ni za kumulikia mbu. Mimi nilinunua seti ya waya na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo), nikafuata mchoro, taa zikawaka zote pamoja, kubwa na ndogo, na haikuwezekana kuzizima.

---

Mleta uzi

Toyota wa kipindi kile waliwasha taa za mbele kwa kukata na kuunganisha upande wa hasi, si wa chanya, wakati seti nyingi za rilei zimetengenezwa kwa magari yanayokata chanya. Kabla ya kukata waya wowote, chukua mita ya kupimia umeme, chomoa soketi ya taa, washa, na uone ni waya upi una umeme daima na upi unabadilika. Ukishajua hivyo, rilei inawezekana kabisa na inafaa: balbu mbili za wati 60 zinakula takribani ampea 10, na mkondo huo wote umekuwa ukipita kwenye swichi ya miaka 30. Volteji ikishuka kwa asilimia 5 tu, mwanga hushuka kwa takribani asilimia 15, na kwa ninyi wa visiwani chumvi imeshakula viungo, kwa hiyo huenda umepoteza zaidi. Safisha pia viungo vya hasi kati ya betri, injini na bodi, na weka fyuzi karibu na betri kwa kila waya mpya.

Mkinunua taa za mtumba, angalieni zimetoka wapi. Za Japani zinafaa kwa kuwa nao wanaendesha kushoto. Zilizotoka Dubai au Muscat zinatupa mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja.

---

Mchangiaji (Morogoro)

Swali la mwisho kutoka kwangu, mkuu. Taa ya T-BELT imewaka, lakini aliyeniuzia anasema mkanda wa taimingi ulibadilishwa. Nimwamini?

---

Mleta uzi

Taa hiyo haijui chochote kuhusu mkanda. Inawashwa na hesabu ya kilomita kwenye dashibodi, kwa kawaida kila 100,000, na kama dashibodi imebadilishwa kwa ya mtumba, inahesabu maisha ya gari lingine. Fungua kifuniko cha juu na uutazame mkanda wenyewe, ingawa hata mkanda unaopendeza kwa macho hauna cheti cha kuzaliwa, na katika injini hii ukikatika vali zinakutana na pistoni. Bei ya mkanda na beringi yake ya kukazia si ya kubahatishia. Badilisha pamoja na sili za mbele za krankshafti na kamshafti, kwa sababu oili ikidondokea mkanda mpya utaoza haraka. Linganisha alama za krankshafti, kamshafti na pampu ya dizeli, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, hakikisha alama zimerudi mahali pake, ndipo uguse stata. Kisha andika kwa rangi nyeupe, juu ya kifuniko cha mkanda, tarehe na kilomita za siku hiyo.